Kabla ya kile kioo: Hubel na Wiesel walivyojua ubongo unaonaje

Ukimuuliza mtu jicho linafanyaje kazi atakwambia linapiga picha, alafu picha inapelekwa kwenye ubongo, na hapo anaona kamaliza, ila swali ndo kwanza linaanza maana hiyo picha ikishafika huko ndani nani anaitazama? Ndani ya fuvu hakuna kajitu kamekaa mbele ya skrini. Kuna seli za neva tu, mabilioni, na kila moja inachojua ni kurusha vipigo vidogo vya umeme au kunyamaza, basi. Sasa kutoka kwenye vipigo hivyo unafikaje kwenye sura ya mtu unayemjua, au kwenye herufi hizi unazozisoma sasa hivi?

Waliolifukuzia hilo swali ni wengi ila waliolifikisha mbali zaidi ni wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, na mwaka 1981 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kazi hiyo (nusu ya tuzo ilikwenda kwa Roger Sperry kwa mambo mengine kabisa, hawa wawili wakagawana nusu iliyobaki). Mtandaoni stori yao huwa inafupishwa hivi: walikuwa wanamwonyesha paka madoa, madoa hayafanyi kazi, kipande cha kioo chenye doa kikawatoka mkononi, ubongo ukajibu, wakapewa Nobel. Mi hiyo simulizi inaniudhi kidogo. Kwanza kioo hakikumtoka mtu mkononi, pili inafanya ionekane kama yeyote aliyekuwa na paka na kioo angeokota jibu lile lile, wakati kulikuwa na watu wenye mitambo mizuri kuliko yao waliopita hapo hapo wasione kitu.

Tuanze na Hubel. Kazaliwa 1926 Windsor, Ontario, kule Kanada, kakulia Montreal, akasoma hesabu na fizikia Chuo Kikuu cha McGill kisha ndo akaingia udaktari hapo hapo. Mwaka 1955 jeshi la Marekani likamwita, akapangiwa taasisi yao ya utafiti ya Walter Reed, na huko akakutana na tatizo la kifundi zaidi kuliko la kidaktari: unasikilizaje seli moja ya ubongo wa mnyama aliye macho, anayetembea na kugeuka? Sindano za glasi zilizokuwa zinatumika zinavunjika mnyama akijitikisa tu. Nyaya laini zinapinda kabla hazijapenya. Hubel akachukua waya wa tungsteni, chuma kigumu sana, akainoa ncha yake kwa kuipitisha umeme ndani ya kimiminika mpaka ikawa nyembamba kiasi kwamba kwa macho huioni inaishia wapi, alafu akaipaka vanishi yote isipokuwa ile ncha yenyewe. Alikwenda mpaka kujifunza kutumia mashine ya kuchonga vyuma ili atengeneze mwenyewe kifaa cha kuishusha ile elektrodi (ndo jina la huo waya wa kusikilizia umeme wa seli) taratibu ndani ya ubongo. Alichapisha habari za elektrodi hiyo 1957, na kwa maoni yangu kama unataka kujua Nobel ilianzia wapi anzia hapo.

Na huko huko Walter Reed, kwa elektrodi hizo hizo yeye na wenzake walikuta kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na sauti kuna seli ambazo zilikuwa hazijibu sauti mpaka paka aonekane ameitega sikio. Sauti ile ile, sikio lile lile, ila paka akiwa hana habari nayo seli kimya. Kwa hiyo tangu mapema alishaona kwamba ubongo haupokei tu kila kinachogonga mlango.

Wiesel yeye ni Mswidi, kazaliwa Uppsala 1924, baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, naye akasoma udaktari taasisi ya Karolinska, Stockholm. Mwaka 1955 akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, kwenye maabara ya Stephen Kuffler. Huyu Kuffler watu wanamsahau sana na sio haki. Ni mzaliwa wa Hungaria aliyefanya jambo mwaka 1953 ambalo bila hilo hao wawili wasingekuwa hata na swali la kuuliza.

Haya, jambo lenyewe ni hili. Nyuma ya jicho kuna retina, na retina ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini mshipa wa neva unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo una nyuzi kama milioni moja tu. Yani kuna kitu lazima kinapunguzwa hapo katikati, haiwezekani kila tone la mwanga likatumwa. Kuffler alirekodi zile seli za mwisho za retina ya paka, zinazopeleka taarifa nje ya jicho, akagundua kila seli inashughulika na kaduara kadogo tu cha kinachoonekana, na kaduara hako kana kitovu na ukingo vinavyopingana. Kuna seli ukimulika kitovu inachangamka na ukimulika ukingo inanyamaza, na nyingine ziko kinyume chake. Ukimulika vyote kwa pamoja vinakaribia kufutana. Matokeo yake ni kwamba ukuta mweupe mtupu uliomulikwa sawasawa hauzisisimui sana hizi seli, kinachozisisimua ni tofauti, mahali pa mwanga pakikutana na pa giza. Kwa hiyo hata kabla taarifa haijatoka jichoni ile hadithi ya picha ishavunjika. Kinachosafiri ni ripoti ya wapi pana mabadiliko.

Sasa ripoti hiyo inapitia kituo kimoja katikati ya ubongo, huko seli bado zina vile viduara vya Kuffler, alafu inafika kisogoni, kwenye gamba la nje la ubongo, yani koteksi. Na hapo ndo palikuwa na ukuta. Kule Freiburg, Ujerumani, kundi la Richard Jung lilikuwa tayari linarekodi seli za koteksi ya kuona ya paka, wanamulika mwanga wa jumla, na seli nyingi zilikuwa hazijibu kabisa. Ukifikiria kwa akili ya kawaida ungesema labda hizo seli kazi yake ni nyingine, au mnyama kapewa dawa nyingi ya usingizi. Kumbe walikuwa wanaziuliza swali ambalo sio lao.

Mwaka 1958 Hubel akahamia kwa Kuffler, akakutana na Wiesel, wakaamua kufanya koteksi kwa njia ya Kuffler, yani madoa. Waliazima kile kifaa cha Kuffler cha kumulika ndani ya jicho, ambacho unachomeka kipande cha kioo kina doa jeusi, au bati lenye tundu ili upate doa la mwanga, na kwa sababu kilimlaza paka akiwa anaangalia juu, baadaye walipoachana nacho wakataka kutumia projekta ikabidi watundike mashuka kwenye mabomba ya darini yawe skrini. Vernon Mountcastle, mkubwa kabisa wa fani hiyo hapo Johns Hopkins, siku moja akaingia akakuta hilo hema la mashuka na unaambiwa alishtuka. Tena Mountcastle alikuwa na makala zenye seli mamia, na wao ndo kwanza wanaanza, wakaona aibu, kwa hiyo seli yao ya kwanza hawakuiita namba 1, wakaanza kuhesabu kuanzia 3000 ili nao wafanane na wakubwa. Utani wa maabara huo, ila unakuonyesha walikuwa watu wa aina gani.

Mapema kabisa kwenye hizo namba za kujitungia, wakapata seli moja iliyotulia vizuri kwenye elektrodi, vipigo vyake wamevipeleka kwenye spika ili mtu aisikie huku mikono yake ikiwa kwenye vioo. Wakajaribu doa jeusi, doa jeupe, hapa, pale, masaa yanakwenda, seli inatoa tu vipigo vyake vya kawaida visivyo na maana. Baada ya masaa kama 5 wakaanza kuhisi kwamba kioo chenye doa jeusi kinaleta jibu mara moja moja ila jibu halifuati doa lilipo. Wakakazia macho wanachofanya wenyewe. Jibu linakuja wakati ule wa kuchomeka kioo, kwa sababu ukingo wa kioo ulikuwa unaangusha kivuli chembamba, hafifu, mstari ulionyooka, unaopita juu ya retina, na mstari ukiwa kwenye mlalo fulani mmoja, yani umeinama namna fulani, seli inalipuka, Hubel mwenyewe aliifananisha na bunduki ya rashasha. Ukiuzungusha mstari kidogo jibu linapungua. Ukiuzungusha mpaka ukawa msalaba na ule wa kwanza, kimya kabisa. Doa halikuwa na kazi muda wote huo. Waliikalia seli hiyo moja masaa 9 hivi.

Ndo maana nasema bahati haikuwa kwenye kioo. Vioo viliangusha vivuli kwenye maabara ngapi? Bahati ilikuwa kwenye elektrodi isiyohama kwa masaa 9, na uzoefu wa Kuffler kwamba seli inaulizwa moja moja mpaka ikwambie inachotaka, na vifaa vya kienyeji vya kuchomeka kwa mkono ambavyo viliruhusu kosa kama hilo litokee. Mtambo unaojiendesha wenyewe ungeonyesha madoa yake safi, na kivuli kisingekuwepo.

Kilichofuata ni miaka ya kazi ya kurudia rudia, na makala zao za 1959 na 1962 ndo zinaisomesha dunia mpaka leo. Waligundua aina ya seli walizoziita sahili, ambazo zinataka mstari wenye mlalo wake na ukae mahali pake hasa. Maelezo waliyotoa ni mepesi mpaka unajiuliza kwa nini hakuna aliyewaza kabla: chukua seli kadhaa zenye viduara vya Kuffler ambavyo vitovu vyake vimejipanga kwenye mstari, zote zipeleke nyuzi zao kwa seli moja ya koteksi, hiyo seli itachangamka sana vitovu vyote vikimulikwa pamoja, na kitu kinachovimulika vyote pamoja ni mstari wa mlalo huo. Hapo hakuna uchawi wowote, ni mpangilio wa nyaya. (Ilibidi ifike 1995 ndo Clay Reid na Jose-Manuel Alonso wakarekodi jozi za seli na kuonyesha kwamba nyaya kweli zimepangwa kwa namna inayokubaliana na wazo hilo.) Alafu kuna seli changamano, hizi zinautaka mlalo wake ila haziko na ukali kuhusu mahali, mstari ukipita popote ndani ya eneo lake zinajibu, na nyingi zinataka uwe unatembea, nyingine kwenda upande mmoja tu. Unaona ngazi inavyopandishwa: viduara vinazaa mistari, mistari inazaa mistari isiyojali mahali.

Mjapani mmoja, Kunihiko Fukushima, aliichukua ngazi hiyo hiyo akaitengenezea programu ya kompyuta mwaka 1980, tabaka la seli sahili, tabaka la changamano, tena sahili, tena changamano, na mitandao ya kompyuta iliyokuja baadaye inayotambua nyuso kwenye simu ina ukoo wa moja kwa moja na wazo hilo. Paka wa Baltimore wamefika mbali.

Jambo la pili ni ramani. Mountcastle, huyo huyo aliyeshtushwa na mashuka, alishaonyesha 1957 kwamba kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na mguso, seli zilizo chini ya sehemu moja ya koteksi, kutoka juu mpaka chini, zinashughulikia kitu kimoja, yani zimekaa kwa nguzo. Hubel na Wiesel wakakuta hivyo hivyo kwenye kuona. Shusha elektrodi wima, kila seli unayokutana nayo inapenda mlalo ule ule. Ishushe kwa mshazari, na kila ukisogea kama maikromita 50 mlalo unageuka kama digrii 10, tena kwa utaratibu, saa inavyozunguka au kinyume chake. Juu ya hilo kuna mpangilio mwingine, vipande vinavyopendelea jicho la kulia vinapishana na vinavyopendelea la kushoto. Walikuwa wakirekodi mpaka usiku wa manane, na Hubel alikuwa anasema alijua muda wa kufunga umefika Wiesel akianza kumsemesha Kiswidi.

Sasa tuje kwenye ile sehemu ambayo ndo inagusa watu wa kawaida zaidi, na ndo ngumu kusimulia. Madaktari walikuwa wanajua kwamba mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho, ile hali ya lenzi kuwa na ukungu, ukaja kumtoa baadaye sana akiwa mkubwa, jicho linakuwa safi kabisa na mtoto bado haoni vizuri. Mtu mzima akipata mtoto wa jicho, hata akae nao miaka, ukimtoa anaona. Kwa nini? Kuanzia 1963 Hubel na Wiesel wakachapisha majaribio ya vitoto vya paka ambavyo kope za jicho moja zilishonwa tangu wiki za mwanzo, alafu baada ya miezi kama 2 au 3 zikafunguliwa. Jicho lenyewe zima. Retina inajibu kama kawaida. Ila kwenye koteksi karibu seli zote zinasikiliza lile jicho lililokuwa wazi, na paka akitumia lililofunguliwa anajigonga kama kipofu. Paka mkubwa akifungwa jicho zaidi ya mwaka hapotezi kitu.

Wakapima muda wenyewe. Kwa paka dirisha, yani kipindi ambacho kufungwa jicho kunadhuru, linafunguka mwanzoni mwa wiki ya 4, linakuwa wazi sana mpaka wiki ya 6 hadi 8, alafu linafifia na kufikia mwisho wa mwezi wa 3 limefungwa. Katika wiki ya 4 na ya 5, hata siku 3 au 4 tu za kufungwa jicho zinaacha alama kubwa.

Ila kilichonishangaza mimi zaidi ni jaribio la kufunga macho yote mawili. Ungetegemea hasara iwe mara mbili, si ndio? Haikuwa hivyo, seli nyingi bado zilijibu macho yote, ingawa sio vizuri kama kawaida. Maana yake kufungwa peke yake sio kinachomaliza seli, ni ushindani. Ni kama mashamba mawili yanayopakana, lako ukiliacha bila kulima na jirani analima kila siku, msimu baada ya msimu mpaka utasogea kuelekea kwako, ila mkiacha wote hakuna anayesogeza mpaka. Wakathibitisha kwa njia nyingine mwaka 1965, wakampa paka makengeza kwa kukata msuli mmoja wa jicho, macho yote yako wazi na yanaona ila hayaangalii sehemu moja kwa wakati mmoja, na matokeo yake kila jicho likabaki na seli zake na zile za kushirikiana zikawa chache mno.

Kuna watu hawawezi kuisoma sehemu hii bila kukasirika na siwalaumu, kushona kope za vitoto vya paka ni kitu kizito, na hoja kwamba kilisaidia watoto haifuti uzito huo. Lakini pia sio sahihi kusema hakikusaidia. Baada ya hapo uelewa wa madaktari ukageuka, mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao anatakiwa kutolewa mapema sana, kwenye wiki na miezi ya mwanzo, sio kusubiri akue, na makengeza na jicho lililozembea yakawa mambo ya kuwahi, kwa kumziba mtoto lile jicho zuri kwa muda ili lile dhaifu lirudishe eneo lake.

Tatizo ni kwamba watu walilichukua hilo dirisha wakalifanya geti la chuma. Likifungwa basi, mtoto mkubwa aliyezaliwa haoni hana haja ya kufanyiwa operesheni. Pawan Sinha wa chuo cha MIT, Marekani, kupitia mradi wa Prakash kule India, amekuwa akiwafuatilia watoto na vijana waliozaliwa hawaoni na wakatibiwa wakiwa wameshakua, na wengi wanapata uoni wa kuwafaa, wanatambua vitu, wanatembea wenyewe, japo ukali wa macho haufikii wa mtu wa kawaida. Mwaka 2011 kundi lake lilichapisha jaribio la watoto 5 wenye umri wa miaka 8 hadi 17, likijibu swali ambalo William Molyneux alimwandikia mwanafalsafa John Locke mwaka 1688: mtu kipofu anayezijua maumbo kwa kushika, akipewa kuona ghafla, atayatambua kwa macho peke yake? Jibu likawa hapana, sio mara moja, ila ndani ya siku chache wakaanza kuweza. Kwa hiyo dirisha lipo kweli, hasa kwa ukali wa kuona na kwa macho mawili kushirikiana, ila ubongo una milango mingine ambayo paka wa 1963 hawakuulizwa kuihusu.

Na ile ngazi nayo imechakaa kidogo. Siku hizi tunajua nyuzi zinazorudi kutoka maeneo ya juu ya ubongo kuja kwenye koteksi ya kuona ni nyingi mno, habari haipandi tu, inashuka pia. Mwaka 2010 Cristopher Niell na Michael Stryker (huyu Stryker alipita maabara ya Hubel na Wiesel) walionyesha kwamba panya akianza kukimbia, seli za koteksi yake ya kuona zinajibu kwa nguvu zaidi kitu kile kile kilichoko mbele yake. Paka wa Hubel na Wiesel walikuwa wamelazwa kwa dawa, kwa hiyo mambo kama hayo yasingeonekana hata wangekaa na seli masaa 90. Cha kuchekesha ni kwamba Hubel huyo huyo alishaona fununu zake kule Walter Reed, kwa zile seli za sauti zilizokuwa zinangoja paka ategee sikio.

Kuffler alifariki 1980, mwaka mmoja kabla ya tuzo, na Nobel hawapewi marehemu. Mi naamini angekuwepo ingebidi wafikirie upya zile nusu na robo. Wiesel alihamia Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, miaka ya 1980, akaja kukiongoza, na akaweka nguvu nyingi kutetea wanasayansi waliofungwa au kunyanyaswa na serikali zao. Hubel akabaki Harvard, walikokuwa wote wawili, cheo hakukitaka, akaendelea na elektrodi, kwanza na Margaret Livingstone kwenye rangi na umbo na mwendo, alafu mwaka 2000 akiwa na miaka zaidi ya 70 yeye na Susana Martinez-Conde na Stephen Macknik wakachapisha kazi kuhusu vile vitetemo vidogo vya jicho ambavyo unavifanya hata ukidhani umelikazia kitu macho bila kupepesa. Picha ikigandishwa kabisa kwenye retina isisogee huwa inafifia na kupotea, maana bila mabadiliko zile seli za Kuffler hazina cha kuripoti, na wao wakakuta kwa nyani kwamba jicho likishatetemeka tu seli za koteksi zinarusha vipigo kwa mkupuo. Hubel alifariki Septemba 2013.